Ihakiki chaja mpya kabla ya kuifuata: jinsi ninavyopanga safari ya Nairobi–Mombasa kwa gari la umeme

Siku hizi haupiti muda mrefu kabla ya kusikia kwamba chaja nyingine ya kasi imewekwa kando ya barabara kuu, nami hufurahi sana nikisikia. Naendesha Nissan Leaf, gari la umeme lenye betri ya kilowati-saa 40, iliyokuja nchini ikiwa imetumika Japani. Nabeba abiria hapa Nairobi, na mara kwa mara wateja hunikodi niwapeleke Mombasa. Kila chaja inayoongezeka kati ya Athi River na Mariakani inanipunguzia saa za kukaa njiani.

Lakini tangazo halichaji betri. Mwaka jana niliifuata chaja niliyoisoma kwenye tangazo, nikafika saa mbili usiku nikiwa na asilimia 14, baba na mama kwenye gari na mtoto wao amelala kiti cha nyuma. Chaja ilikuwepo kweli, kioo chake kinawaka vizuri. Nikainua kebo ya kwanza, nikaiangalia kwa tochi ya simu, nikainua ya pili. Zote mbili zina kichwa cha aina ya CCS2. Leaf yangu inataka CHAdeMO, aina nyingine ambayo haiingiliani nayo. Mlinzi akaniambia kwa upole, "Pole mkubwa, hata jana alikuja mwingine kama wewe." Tukalala gesti iliyokuwa karibu, nikachomeka gari kwenye soketi ya kawaida ya ukutani, na tulipoondoka ilikuwa saa nne asubuhi. Yule mtoto alikuwa anaenda arusi ya shangazi yake Mombasa, na akaikosa nikahi. Jambo hilo liliniuma. Tangu siku ile nafuata hatua hizi, na sijakwama tena.

Hatua ya 1: Lijue tundu la gari lako

Fungua kifuniko, utazame kwa macho yako, upige picha, uihifadhi kwenye simu. Leaf za Japani zina matundu mawili puani. Dogo, lenye nafasi tano za pini, ni Type 1, la chaji ya polepole. Kubwa la duara ni CHAdeMO, la chaji ya kasi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya kwa kawaida huwa na CCS2: juu nafasi saba za Type 2, chini yake mbili nene. Mengi yanayoletwa moja kwa moja kutoka China huja na GB/T, nayo ina matundu mawili tofauti. Hapo watu hukosea sana, maana tundu la polepole la GB/T nalo lina nafasi saba, na ukilitazama kwa haraka unaweza kuapa kwamba ni Type 2. Siyo, na hayaingiliani.

Adapta zipo. Ya kutoka Type 2 kwenda Type 1 ni kitu chepesi, na kila mwenye Leaf ya Japani anapaswa kuwa nayo kwenye buti. Ya kutoka CCS2 kwenda CHAdeMO ni habari nyingine: ndani yake mna kompyuta ndogo inayotafsiri mazungumzo kati ya chaja na gari, bei yake ni kubwa, na mara nyingine inakataa chaja fulani mpaka programu yake isasishwe. Ukiinunua, ijaribu kwanza mjini kwenye chaja mbili au tatu za aina tofauti. Usiende kuijaribu mara ya kwanza huko katikati ya safari, Mtito Andei.

Hatua ya 2: Soma kilowati za pande mbili

Neno "kasi" kwenye tangazo halina maana mpaka uone namba. Chaja ya kilowati 7 au 22 ni ya AC, yaani stima ya aina ileile ya ukutani, na kwa AC ni gari lenyewe linalogeuza stima kabla ya kuiingiza kwenye betri. Kama kigeuzi cha ndani ya gari ni cha kilowati 3 au 6, kama ilivyo kwa Leaf nyingi za Japani, chaja ya 22 itakupa hizo hizo 3 au 6. Chaja ya kasi tunayoitafuta sisi wa safari ndefu ni ya DC, yaani stima iliyo tayari kuingia kwenye betri, ambapo kazi ya kugeuza inafanyika ndani ya mashine ya kituo. Hata hapo, kiwango kidogo kati ya cha chaja na cha gari ndicho utakachopata. Leaf yangu inapokea kama kilowati 50, kwa hiyo chaja ya 180 kwangu ni sawa na ya 50. Uliza pia kama mashine ina kebo mbili zinazogawana nguvu. Jirani akichomeka, kilowati zako zinaweza kushuka nusu.

Hatua ya 3: Ongea na mtu aliye pale

Hii ndiyo hatua iliyobadilisha safari zangu. Ramani za simu kama PlugShare ni nzuri kwa kuanzia, lakini soma maoni ya mwisho na tarehe yake, usiangalie alama tu. Halafu tafuta namba ya kituo cha mafuta, hoteli au duka lililo pale, upige. Mara nyingi chaja huwa ya kampuni moja na uwanja ni wa mtu mwingine, na mwenye uwanja ndiye anayejua ukweli wa leo.

Mimi humwuliza mlinzi au mhudumu: Mara ya mwisho gari kuchaji hapo ilikuwa lini? Usiku geti linafunguliwa? Stima ikipotea kuna jenereta, na je, jenereta hiyo inaibeba chaja au taa za duka tu? Malipo ni kwa M-Pesa, kwa kadi, au lazima kwanza niweke programu na kujiandikisha? Jambo hili la mwisho lifanye nyumbani, kwa sababu kujisajili pale penye mtandao dhaifu, abiria wakikutazama, ni mateso. Mwisho humwomba picha mbili za WhatsApp: kichwa cha kebo na kioo cha mashine. Kwa picha ya kwanza tu ningeokoa ule usiku wa arusi. Nikifika, humpa kitu kidogo cha chai, na safari ijayo ananipigia yeye mwenyewe mashine ikiharibika.

Suala la jenereta si la kupuuza. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukawa gizani. Siku kama hiyo chaja zote za barabara nzima zisizo na jenereta huzima kwa pamoja.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya kwenda, kisha ya kurudi

Usitegemee kilomita zinazoandikwa kwenye dashibodi. Gari linazikisia kutokana na ulivyoendesha jana Ngong Road. Anza na afya ya betri. Kwa Leaf, programu ya LeafSpy pamoja na kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani itakuambia asilimia ya uwezo wa betri uliobaki tangu ilipokuwa mpya. Yangu ni 85, yaani kilowati-saa 34, nami kwa tahadhari nahesabu kwamba nina 32 za kutumia. Nikienda kati ya kilomita 80 na 90 kwa saa, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, natumia kama 16 kwa kila kilomita 100. Hiyo ni kilomita 200. Natoa asilimia 20 ya akiba ambayo siigusi, nabaki na 160. Ukigusa 110 kwa saa, namba hizi zinayeyuka, na kwa barabara ile yenye malori, kuyapita kila mara kwa haraka ni hatari kwa roho kabla hata ya kuwa hasara kwa betri.

Sasa weka 160 juu ya ramani. Nairobi mpaka Mtito Andei, ambayo ni kama katikati ya safari, ni karibu kilomita 235. Kwa gari langu lazima nisimame kabla ya hapo, upande wa Emali. Mtito Andei mpaka Voi ni kama 100, na Voi mpaka Mombasa ni kama 155. Mwenye gari la kilowati-saa 60 au zaidi atapanga vingine, lakini hesabu ni ileile.

Na hapa nawaomba msome polepole. Kwenda si sawa na kurudi. Nairobi iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, Mombasa iko baharini. Ukishuka, mlima unakusaidia na breki zinarudisha stima kwenye betri. Ukirudi, gari lenye watu wanne na mizigo, uzito wa karibu tani 1.9, linahitaji zaidi ya kilowati-saa 8 kwa ajili ya kupanda tu, mbali na zile za kwenda mbele. Kwangu hiyo ni zaidi ya robo ya betri. Na sehemu kubwa ya kupanda iko mwishoni, kwa sababu Voi yenyewe bado iko chini, karibu mita 600. Nimewaona wenzangu waliofika Mombasa kwa raha, wakarudi kwa mpango uleule, wakaishia kuzima kiyoyozi na kufuata lori kwa nyuma wakiomba Mungu wafike Athi River. Ukirudi, ongeza kituo kimoja au chaji zaidi kwenye kile cha mwisho.

Hatua ya 5: Uwe na pa kuchomeka

Kwa kila chaja ninayoitegemea, najua gesti au hoteli iliyo karibu yenye soketi nzuri na maegesho yenye mlinzi. Kebo ya kubebeka iwe kwenye buti daima. Kwa soketi ya kawaida utapata kilowati 2 na kidogo, maana yake usiku kucha.

Usalama hapa ni jambo zito. Weka kebo kwenye ampea 10, usiisukume mpaka 13. Ukitumia ekstensheni ya kuviringisha, ifungue yote mpaka mwisho, kwa sababu ikibaki imeviringwa inajipika yenyewe. Baada ya nusu saa rudi, uguse plagi kwa nyuma ya kidole. Ikiwa vuguvugu, sawa. Ikiwa moto wa kukufanya uondoe kidole, chomoa, tafuta soketi nyingine. Usiku ule kwenye gesti soketi ya kwanza ilikuwa imeanza kubadilika rangi pembeni, plastiki nyeupe ikiwa kahawia kama ukoko wa wali. Nikahamia jikoni, ambako waya ulikuwa mnene zaidi.

Mwenye nyumba mlipe kwa haki. Piga picha ya mita ya tokeni kabla na asubuhi, mhesabu uniti pamoja, uongeze kidogo. Ukimpunja, mwenye gari la umeme atakayefuata atafukuzwa.

Hatua ya 6: Chaji mpaka 80, uondoke

Kutoka asilimia 20 mpaka 80 betri inakunywa haraka. Baada ya hapo inapunguza mwendo ili isiharibike, na asilimia 20 za mwisho zinaweza kukuchukua muda kama wa zote zilizotangulia. Kama kuna mtu nyuma yako, kukaa mpaka 100 ni kumnyima safari. Kwa wenye Leaf: betri yetu haina maji ya kupoza. Chaji ya kasi ya pili siku hiyohiyo, kwenye joto la Voi mchana, huwa ya polepole kuliko ya kwanza, na ya tatu zaidi. Mimi huondoka Nairobi saa kumi alfajiri, kabla ya jua kupanda.

Hatua ya 7: Bei

Chaja ya DC ya barabarani ni ghali kuliko stima ya nyumbani, kwa hiyo ondoka nyumbani ukiwa umejaza. Mwenye magari kadhaa aulize Kenya Power juu ya mita ya usafiri wa umeme. Mwaka 2023 ilianzishwa bei maalumu: wakati huo ilikuwa shilingi 16 kwa uniti, na 8 usiku, kabla ya kodi na tozo nyingine. Bei ya usiku ina sababu: mvuke wa ardhini unaozalisha stima kule Olkaria hautulii watu wakilala, na usiku stima ni nyingi kuliko wanaoitumia.

Hatua ya 8: Andika ulichokuta

Kabla hujawasha gari, tumia dakika mbili kumwandikia atakayekuja baada yako, kwenye PlugShare au kwenye kundi lenu la WhatsApp. Usiandike "iko poa". Andika hivi: "Jumamosi saa tatu asubuhi. Kebo moja CHAdeMO, moja CCS2. CHAdeMO imenipa kilowati 44. CCS2 ina hitilafu, kioo kinaonyesha alama nyekundu. M-Pesa inafanya kazi. Choo kipo, mlinzi yupo usiku."