Ozoni kwenye akwariamu ya matumbawe, Lubumbashi: hewa kavu kwanza, namba baadaye

Kabla ya kutoa pesa kununua mashine ya ozoni (gesi kali inayopulizwa majini kuyaondolea manjano), fanya jaribio hili. Zamisha mfuniko mweupe wa plastiki mwisho mmoja wa akwariamu, kisha uutazame kupitia kioo cha mwisho wa pili, ili urefu wote wa maji uwe kati yako na mfuniko. Ukiuona una manjano ya chai nyepesi, maji yamejaa mabaki ya mwani, chakula na ute wa matumbawe. Weka mkaa amilifu mpya (mkaa maalumu unaonyonya uchafu), badilisha asilimia 15 ya maji, subiri siku 5, utazame tena. Manjano ikiisha na isirudi kwa mwezi mzima, ozoni huihitaji, hata kama kuna mtu anakuuzia mashine kwa bei nzuri. Ikirudi kila wiki moja au mbili na skima yako (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu) inatoa povu kama kawaida, hapo ndipo ozoni ina kazi.

Kazi yenyewe ni ndogo kuliko wanavyoitangaza. Ozoni huvunja molekuli zinazotia maji rangi, basi. Nitrati na fosfati haiziondoi. Kwa vipimo vya nyumbani haitibu samaki mwenye madoa meupe. Shaba nayo haiigusi, na hapa mjini jambo hilo lina uzito wake: maji ya robine lazima yapite kwenye kichujio cha osmosi kabla ya kuchanganywa na chumvi, maana shaba kidogo tu inatosha kuua kamba na konokono wa baharini.

Ukubwa wa mashine

Hesabu miligramu 0.1 ya ozoni kwa saa kwa kila lita ya maji, na hicho kiwe kiwango cha juu. Akwariamu ya lita 300 inahitaji miligramu 30 kwa saa, kwa hiyo mashine ya miligramu 50 yenye kitufe cha kupunguza inatosha na kubaki. Ya 200 usiinunue eti "itafanya kazi haraka". Kidhibiti (kifaa kinachowasha na kuzima ozoni kwa kusoma maji) kikikwama siku moja usiku, mashine ndogo itakuachia samaki hai. Chukua aina inayotengeneza ozoni kwa cheche za umeme wa volti nyingi. Zile za taa ya urujuanimno hutoa kidogo na taa yake huchoka.

Namba iliyoandikwa kwenye boksi huwa ya hewa kavu na mgandamizo wa pwani. Lubumbashi iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu asilimia 13. Mashine inapata oksijeni pungufu, kwa hiyo itatoa pungufu. Usijaribu kulipiza kwa kufungua kitufe hadi mwisho.

Hewa

Mashine nyingi hufa hapa. Hewa yenye unyevu ikipita kwenye cheche, nitrojeni na maji hugeuka asidi ya nitriki. Asidi hiyo hula elektrodi, hukusanyika kwenye tiyo kama matone ya manjano, na ozoni hushuka sana hata kama taa ya mashine bado inawaka. Mtu anaamini mashine inafanya kazi, kumbe anapuliza hewa tupu.

Panga vifaa hivi: pampu ndogo ya hewa, chombo cha chembe za silika, mashine ya ozoni, klape ya kuzuia maji kurudi, halafu mdomo wa hewa wa skima. Mashine ikae juu kuliko usawa wa maji, na tiyo ishuke chini kidogo kabla ya kupanda kwenye mashine, ili tone lolote liishie pale kwenye mkunjo.

Hewa yote ya skima usiipitishe kwenye silika. Pampu itoe lita 1 kwa dakika tu, na skima ijivutie iliyobaki kutoka chumbani. Hesabu yake ni hii: lita 1 kwa dakika ni mita za ujazo 1.44 kwa siku. Wakati wa mvua, hewa ikibeba gramu 15 za maji kwa kila mita ya ujazo, ni gramu 22 kwa siku. Nusu kilo ya silika hushika kama gramu 100, yaani siku 4 au 5. Kiangazi, hewa ikibeba gramu 6 tu, silika ileile inafika siku 11. Ukipitisha lita 8 kwa dakika wakati wa mvua, itajaa kabla ya usiku wa kwanza kuisha.

Nunua chembe za rangi ya machungwa, zinazogeuka kijani zikijaa. Zianike kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa 2 au 3 hadi zirudie rangi yake, uzifungie moto-moto kwenye chupa ya kioo. Zile za bluu zina kloridi ya kobalti. Kobalti tunayo ya kutosha Katanga, hakuna sababu ya kuileta kwenye oveni ya chakula.

Tiyo iwe ya silikoni. Mpira wa kawaida mweusi hupasuka upesi ukipitiwa na ozoni, na nailoni vilevile haifai. Hata silikoni hukakamaa, basi ikague kila mwezi kwa kuikunja karibu na viungo.

Baada ya skima

Maji ya bahari yana bromidi, karibu miligramu 65 kwa lita. Ozoni ikikutana nayo hutengeneza bromini hai, ambayo hukaa majini muda mrefu kuliko ozoni yenyewe, na hiyo ndiyo inayochoma matumbawe. Ndiyo maana maji yote yanayotoka kwenye skima yapite katikati ya mkaa amilifu. Kuupitia juu-juu hakutoshi. Kwa lita 300 weka nusu kilo kwenye chombo kinacholazimisha maji kupenya, ubadilishe kila wiki 4 hadi 6. Makala ya kupikia hayafai kabisa, hata yakioshwa.

Hakikisha kwa kipimo cha klorini yote kinachotumika kwenye mabwawa ya kuogelea, kwa kuwa kinasoma bromini pia. Pima maji yanayotoka kwenye mkaa. Rangi yoyote ikitokea, hata hafifu, zima ozoni na ubadilishe mkaa.

Hewa inayotoka juu ya kikombe cha skima nayo ipite kwenye mkaa wake. Ukisikia harufu kali, ile inayosikika karibu na mashine ya fotokopi, ozoni inavuja. Kikomo cha kazini ni sehemu 0.1 kwa milioni kwa saa 8, na pua hunusa chini ya hapo. Lakini pua huzoea haraka, kwa hiyo mwamini zaidi mgeni anayeingia kutoka nje. Juni na Julai, tunapofunga madirisha kwa baridi, uwe mwangalifu mara mbili.

Sondi ya redoksi

Sondi hii hupima kwa milivolti nguvu ya maji kuunguza uchafu. Iweke kwenye tangi la chini, penye giza na maji yanayotembea, mbali na mdomo wa skima. Sondi mpya huyumba kwa siku kadhaa kabla ya kutulia, basi isome tu bila kuwasha ozoni. Ijaribu kwenye maji ya kupimia yenye thamani iliyoandikwa. Ikikosea kwa zaidi ya milivolti 30, isugue kwa mswaki laini na uijaribu tena.

Ukishaijua namba ya kawaida ya maji yako, tuseme milivolti 280, weka kikomo cha kidhibiti kwenye 300 na kitufe cha ozoni kwenye miligramu 10 kwa saa. Panda milivolti 10 kila baada ya siku 3. Simama kwenye 350. 400 usiivuke hata maji yakionekana safi kiasi gani. Namba hiyo hushuka ukilisha samaki au ukitia mkono majini, na hupanda pH ikishuka. Nyumba iliyofungwa usiku wa Julai hujaa hewa chafu ya pumzi, pH inashuka, redoksi inapanda, na ozoni haina habari. Yafuate mapito ya wiki nzima kuliko ya saa moja.

Maji yakianza kung'aa, mwanga unaofika kwenye matumbawe unaongezeka ghafla na yanaweza kupauka. Siku unayowasha ozoni, punguza taa kwa asilimia 20, uzirudishe polepole ndani ya wiki 3.

Delestaji

Mashine, pampu ya hewa na pampu ya skima viwe kwenye prizi moja inayoongozwa na kidhibiti au swichi moja, ozoni isitoke kamwe bila maji kutembea. SNEL, shirika la umeme, ikikata kwa saa 6, redoksi hushuka kwa kuwa maji yamelala. Umeme ukirudi, kidhibiti hufungua ozoni mfululizo kufukuzia namba. Iache ozoni imezimwa hadi maji yazunguke saa 2. Batri, kama unayo, ipe pampu ya mzunguko, ozoni ingoje. Stabilaiza nayo ni ya lazima, maana umeme unaorudi kwa kurukaruka huchoma transfoma ya mashine.

Skima ikiacha kutoa povu wiki ya kwanza, usishtuke upesi: ozoni nyingi huvunja hata kile skima inachokamata. Punguza kwa theluthi moja uone. Namba isipopanda kabisa, anza na silika, halafu fungua tiyo baada ya mashine utafute matone ya manjano; ukiyaona, kausha, safisha elektrodi kama kitabu cha mashine kinavyoruhusu, na usiwashe tena kabla silika haijarudi rangi ya machungwa. Kiangazi vumbi jekundu nalo huziba sponji ya pampu ya hewa, ioshe kila Jumamosi.