Namna ya kupima mradi wa umeme wa taka kabla ya kutia saini

Halmashauri inayoletewa pendekezo la kujenga kiwanda cha kuchoma taka ili kuzalisha umeme ianze na taka zenyewe, mitambo ije baadaye. Pimeni uzito unaokusanywa kila siku, kisha chukueni sampuli za masika na za kiangazi, kwa kuwa tanuri likilishwa mabaki ya chakula yaliyolowa, joto jingi huishia kukausha maji. Mwongozo wa Benki ya Dunia unataka taka ziwe na wastani wa angalau megajuli 7 za joto kwa kila kilo, wala zisishuke chini ya 6 katika msimu wowote. Zisipofikia kiwango hicho, zifikirieni kwa mboji au kwa gesi ya kuozesha, na mjadala wa tanuri uishie hapo.

Zikifaa, ingieni kwenye hesabu. Tani moja ya taka za mjini hutoa takriban kilowati-saa 500 hadi 600. Zidisheni kwa bei ambayo shirika la umeme limekubali kulipa kwa maandishi, kisha linganisheni na marejesho ya mkopo, matengenezo, usafishaji wa moshi (ambao wauzaji wa mitambo hupenda kuutaja harakaharaka) na utupaji wa majivu. Majivu yanayobaki tanurini hukaribia robo ya uzito uliochomwa, na yale laini yanayonaswa kwenye moshi hubeba metali nzito na dioksini (kemikali zenye sumu kali), hivyo hayawezi kumwagwa katika dampo la kawaida. Kwa kawaida mauzo ya umeme peke yake hayatoshi. Pengo huzibwa na ada inayolipwa kiwanda kwa kila tani kinayopokea, na hapo ndipo penye uamuzi mgumu wa kisera: ada hiyo italipwa na kaya, na halmashauri, au na hazina ya taifa?

Katika mkataba, tafuteni kifungu kinachoilazimisha halmashauri kupeleka kiasi maalumu cha taka kila mwaka, la sivyo ilipe fidia. Kifungu hicho humpa mkopeshaji usingizi mzuri, lakini huigeuza kila tani ya karatasi au plastiki iliyorejelezwa kuwa hasara, na hizo ndizo taka zinazowaka vizuri kuliko zote. Denmark, iliyokuwa ikiagiza taka kutoka nje ili kulisha matanuri yake, iliamua mwaka 2020 kupunguza uwezo wa uchomaji kwa asilimia 30. Mji wa Harrisburg nchini Marekani ulirundika mkopo wa ukarabati juu ya mkopo wa ujenzi hadi deni la tanuri lake likapita dola milioni 300. Baraza la mji likaomba ulinzi wa ufilisi, yaani kinga ya mahakama dhidi ya wadai, mwaka 2011, mahakama ikakataa, na tanuri likauzwa mwaka 2013.

Kwa hiyo dai kwamba kiasi cha lazima kipungue kadiri urejelezaji unavyokua lianze kutolewa siku ya kwanza ya mazungumzo, pamoja na sharti la mwendeshaji kutangaza vipimo vya moshi na kutaja, kwa gharama yake, mahali majivu yatakapozikwa.