Namna ya kuandaa vitabu vya kusomea na tafsiri ya Maandiko katika lugha ya jamii ndogo

Tahajia ndiyo hutangulia. Mkoani Mara, ambako lugha nyingi huzungumzwa kwa kukaribiana, Kikuria kina irabu 7 ilhali Kijita kina 5 kama Kiswahili. Hivyo alfabeti ya jirani haiazimwi kwa sababu tu watu wanaoana na kuuziana samaki. Iundwe kamati ya lugha yenye wazee, akina mama, vijana na viongozi wa madhehebu yote yaliyopo, wakitoka kila eneo lenye lafudhi yake, maana tahajia iliyoamuliwa na kijiji kimoja au kanisa moja hukataliwa na wengine hata ikiwa sahihi kiisimu.

Maneno hukusanywa haraka zaidi wazungumzaji wanapoketi pamoja na kupewa mada moja baada ya nyingine, kama vile uvuvi, magonjwa au mazishi. Hadithi zirekodiwe kwa ridhaa ya msimulizi, kisha ziandikwe kama zilivyosimuliwa, kwa kuwa mtu aliyesomea Kiswahili akishika kalamu moja kwa moja huelekea kupanga sentensi za Kiswahili kwa maneno ya kwao.

Wasomaji wenyewe si wa aina moja. Nchini Tanzania, aliyepita shule ya msingi alijifunza kusoma kwa Kiswahili, naye anahitaji kijitabu chembamba tu cha kumwonyesha herufi na alama ambazo hakuzizoea. Asiyejua kusoma kabisa aandaliwe kitabu cha hatua kwa hatua: kila somo lilete herufi moja mpya ndani ya neno analolijua, neno hilo livunjwe katika silabi na kujengwa upya, kisha ifuate hadithi fupi isiyo na herufi yoyote ambayo haijafundishwa. Sharti hilo la mwisho huwachosha waandishi kuliko yote, lakini likilegezwa msomaji huanza kukisia.

Kurasa za kwanza zijaribiwe mapema. Mpeni mtu asiyeziona kabla azisome kwa sauti, nanyi, bila kumsahihisha, wekeni alama kwenye nakala yenu kila anapokwama. Wasomaji kadhaa wakikwama mahali pale pale, chunguzeni tahajia au mgawanyo wa maneno kabla ya kuwalaumu.

Tafsiri ya Maandiko ianze na kitabu kifupi chenye masimulizi. Yona, chenye sura 4, kinafaa sana. Hapo ndipo mitego ya kutegemea Kiswahili hujitokeza. Katika sura ya kwanza, Biblia ya Kiswahili ya Muungano (Union Version) inasema mabaharia walipiga kura, yaani kura ya bahati nasibu, ili wajue balaa limewapata kwa sababu ya nani. Mfasiri asiye mwangalifu huchukua neno la uchaguzi, na wasikilizaji wakaelewa kwamba Yona alitupwa majini baada ya kushindwa kwa kura nyingi. Rasimu ikaguliwe na wenzake katika timu, kisha isomwe kijijini kwa watu wasioshiriki kuiandaa. Msiwaulize kama wameelewa, kwani kwa adabu watasema ndiyo. Waulizeni Yona alikuwa anakimbilia wapi, na mabaharia walimtambuaje mwenye kosa.

Baada ya marekebisho, mtu mwingine asiyeijua rasimu aifasiri kurudi Kiswahili, ili mshauri wa tafsiri ailinganishe na matini ya Kiebrania au Kigiriki. Paratext, programu ya kompyuta ya watafsiri wa Biblia, hurahisisha kazi hii, hasa katika kuhakikisha kwamba istilahi kuu, kama jina la Mungu na neno la dhambi, hazibadiliki kiholela kutoka kitabu hadi kitabu.

Toleo la kwanza lichapishwe kwa nakala chache, likiandikwa jaladani kuwa ni la majaribio, kwa sababu tahajia karibu kila mara hurekebishwa watu wakishaanza kuisoma.