Kusoma tarehe ya mlango wa kuchonga, kisha kutafuta vitabu vyake

Maonyesho ya sanaa yasiyo na kiingilio Unguja ni milango ya Mji Mkongwe. Chukua mlango mmoja kwa siku. Ukipita ishirini kwa mkupuo utarudi na picha tu, bila swali la kwenda nalo maktaba.

1. Mwenyeji akiwa barazani, msalimu na uombe ruhusa. Nenda jua likipiga kwa ubavu. La saa sita linaua vivuli vya nakshi.

2. Chora kwa penseli kabla ya kutoa simu: kizingiti cha juu (kimenyooka au ni upinde?), miimo (nguzo za pembeni), mfaa wa katikati (ubao wima mbao mbili zinapokutana), na mbao mbili zenyewe. Ukiambiwa nakshi ya mnyororo maana yake watumwa na samaki maana yake rizki, andika nani kasema. Ni maelezo, si ushahidi.

3. Tarehe. Hapa ndipo watu wanapopotea. Itafute kwenye kizingiti cha juu, mara nyingi karibu na aya ya Kurani. Maandishi ya Kiarabu huenda kulia kwenda kushoto, lakini tarakimu husomwa kushoto kwenda kulia: ١٣٠١ ni 1301. Duara ٥ ni tano, si sifuri. Sifuri ni nukta ٠, na nukta hiyo huzibwa na rangi iliyopakwa juu ya rangi. Kwa hiyo ukiona tarakimu tatu tu, mulika tochi kwa ubavu utafute nukta. ٢ na ٣ hutofautiana kwa jino moja, na jino huvunjika. ٧ ni saba, ٨ ni nane.

Sasa geuza Hijria (mwaka wa Kiislamu) kuwa Miladia (mwaka wa kalenda ya kawaida): zidisha kwa 0.97, ongeza 622. 1301 inatoa 1883.97. Usiandike 1884 ukaridhika: mwaka 1301 ulianza Novemba 1883, hivyo andika 1883/1884. Kosa la kila siku ni kujumlisha 622 moja kwa moja. Utapata 1923, na mlango wa zama za Sultani Sayyid Barghash (1870–1888) utauhamishia enzi ya Waingereza. Sababu iko angani: miezi 12 ya mwandamo ni siku 354 hivi, pungufu ya siku 11 kwa mwaka wa jua, basi miaka 33 ya Hijria ni sawa na 32 ya Miladia. Kipimo cha haraka: karne ya 19 ni takriban 1215 hadi 1318.

Tena, hiyo ni tarehe ya mlango. Milango huhamishwa, nyumba inaweza kuwa kongwe au changa kuliko mlango wake.

4. Soma kwa kufuata maswali ya mchoro wako: kalenda na mwezi, mbao za msaji kutoka Bara Hindi, pepo za kaskazi zilizoleta majahazi na kusi zilizoyarudisha. Kwa hati za zama za masultani, nenda Nyaraka za Taifa, Kilimani, ukiwa na mwaka mkononi. Bila mwaka, mhudumu hana pa kuanzia.