Vibakuli saba vya maji kila asubuhi

Likizo za chuo, nilipokuwa nasoma India, nilikuwa nikipanga kwa bibi mmoja Mtibeti huko McLeod Ganj, mji wa milimani kaskazini mwa India wanakoishi wakimbizi wengi wa Tibet. Kwake ndiko nilikojifunza kwamba tantra ya Kibuddha, yaani njia ya ibada inayotumia silabi takatifu na picha za akilini, ambayo wengi huidhania mambo ya siri za chumbani, kwa mtu wa kawaida huanza na maji. Nawe anza na maji. Hayana bei, kwa hiyo hutatoa kwa choyo wala kwa kujionyesha.

Tafuta vibakuli saba vinavyolingana, vya shaba au hata vya kioo. Vitengee mahali pa juu, palipo safi, chini ya picha ya Buddha. Vifute kwa kitambaa kisicho na kazi nyingine. Mbele ya Buddha hakiwekwi chombo kitupu: kibakuli cha kwanza kitie maji, mimina karibu yote katika cha pili huku ukibakiza kidogo, endelea hivyo mpaka cha saba. Vipange hapo kimoja baada ya kingine, na kati yake acha nafasi ya punje ya shayiri. Kisha jaza kutoka kushoto kwenda kulia, ukiacha upana wa punje hiyohiyo chini ya ukingo. Bibi alikuwa akianza na uzi mwembamba wa maji, anauongeza katikati, anaupunguza mwishoni, na tone halimwagiki.

Kila kibakuli husimama badala ya sadaka moja anayopewa Buddha: maji ya kunywa, ya kunawa miguu, maua, ubani, taa, manukato na chakula.

Lakini kumimina tu hakutoshi. Kabla hujagusa maji, weka nia: hii si kwa faida yangu peke yangu, ni kwa viumbe vyote. Ukimimina, tamka silabi takatifu Om Ah Hum, na akilini uyaone maji yamekuwa kinywaji cha uzima kinachojaza anga. Hapo hapo kumbuka kwamba mtoaji, kitolewacho na mpokeaji hutegemeana, hakuna kinachosimama chenyewe. Kwangu mimi, tantra yote imo katika sekunde hizo. Ukishaizoea ibada hii, ipeleke kwenye kikombe cha chai: silabi zilezile kabla ya funda la kwanza.

Ukimaliza, thawabu zigawie wote. Jioni mwaga kuanzia kulia, maji yaende kwenye mimea, kamwe si chooni. Vibakuli vifute, vifudikize.

Hayo, pamoja na kutamka Om Mani Padme Hum, maneno matakatifu ya huruma, yako wazi kwa yeyote. Kujiona wewe mwenyewe katika umbo la Tara au Chenrezig, watukufu wa huruma katika Ubuddha wa Tibet, ni jambo jingine: linataka idhini ya mwalimu, kama uradi unavyotaka ijaza ya sheikh. Usiichukue kwenye video. Mchunguze mwalimu kwanza, mapokeo yanaruhusu hata miaka 12, na kabla ya kukubali muulize kama idhini hiyo ina ahadi ya kusoma ibada yake kila siku, kwa sababu ukishaitoa, ni ya maisha.