Migebuka kwenye chupa: presha kwanza, la sivyo banika

Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilisitisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wapate kuzaana. Familia iliyozoea kununua kitoweo mwaloni kila asubuhi ilibidi ijipange upya kwa miezi mitatu. Hata ziwa likiwa wazi, wavuvi wa taa hupumzika mbalamwezi inapowaka, na siku hizo samaki huadimika. Giza likirudi, migebuka na dagaa hufurika Kibirizi, Katonga na Ujiji, bei hushuka, na mwenye akili hutafuta namna ya kuweka akiba.

Kukausha dagaa kwenye vichanja na kubanika migebuka kwa moshi watu wa Kigoma wanakujua kuliko mtaalamu yeyote, sina la kuwafundisha huko. Nataka kuzungumzia njia isiyozoeleka kwetu: kusindika samaki wabichi kwenye chupa za kioo, kama watu wa nchi nyingine wanavyofanya nyumbani kwa jodari na samoni. Inawezekana kwa mgebuka pia. Nyama hubaki laini, na miiba hulainika kiasi cha kutafunika, hivyo hata mtoto na mzee wanakula bila hofu ya kukwamwa huku wakipata madini ya kuimarisha mifupa. Sharti ni moja na halina mjadala: lazima uwe na sufuria ya presha ya kusindikia. Kama huna, usiweke samaki kwenye chupa. Banika, kausha, au gandisha kwenye friza.

Kwa nini kuchemsha hakutoshi

Naomba usome sehemu hii hata kama nyingine utaziruka.

Katika udongo na tope la ziwani huishi bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Akiwa mahali penye hewa hana madhara makubwa, anajifunga tu kwenye ganda gumu liitwalo spora na kungoja. Spora hizo hazifi kwa maji yanayochemka, hata ukichemsha saa tatu. Sasa mweke kwenye chupa iliyofungwa: hewa hakuna, unyevu upo, uchachu hakuna, na joto la kabatini linampendeza. Anachipua na kutengeneza sumu inayoshambulia neva. Kiasi kidogo mno cha sumu hiyo kinatosha kuua mtu mzima, na mara nyingi chakula hakibadiliki harufu wala rangi.

Jemu ya maembe au achari ya ndimu inaweza kusindikwa kwa kuchemsha kwa sababu uchachu wake humzuia bakteria huyo asichipue. Samaki hana uchachu huo. Kwa hiyo kinga iliyobaki ni joto, tena joto linalopita la maji yanayochemka. Hapa kwetu jambo hili lina uzito zaidi. Ufukwe wa Kigoma uko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzijoto kama 97. Tabora, karibu mita 1,200, huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ukiongeza kuni maji yatatokota kwa fujo zaidi, lakini joto halipandi hata kidogo. Ili kufika nyuzi 116 zinazotakiwa, mvuke lazima ubanwe ndani ya sufuria yenye presha.

Watu huuliza kuhusu chumvi. Chumvi unayotia kwenye chupa ni ya ladha tu, haihifadhi chochote kwa kipimo hicho. Kukamulia limau vilevile hakutoshi kuibadilisha nyama ya samaki iwe chachu hadi katikati. Na kumwagia mawese juu ili "kuziba hewa" ni hatari kabisa, maana kukosa hewa ndiko anakokutaka bakteria huyu.

Sufuria na chupa

Presha ndogo ya kuchemshia maharage haifai kazi hii. Hupata moto haraka na kupoa haraka, ilhali muda uliopimwa kwa samaki unahesabu pia joto la kupanda na kushuka taratibu la sufuria kubwa. Ya kusindikia ni ile inayoweza kubeba angalau chupa nne za lita moja zikiwa zimesimama, mfuniko ukiwa umefungwa. Zipo zenye geji ya mshale na zipo zenye jiwe la uzito linalocheza juu ya mfuniko. Mimi napendekeza ya jiwe. Geji ya mshale inapaswa kuhakikiwa kila mwaka, na wa kuihakiki si rahisi kumpata. Jiwe la uzito halihitaji hilo.

Bei ya sufuria hiyo ni kubwa kwa familia moja. Kikundi cha akina mama au cha wachakataji wa samaki kinaweza kununua moja na kupokezana. Nenda ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, uulize kuhusu vifaa na mafunzo kabla hujatoa fedha.

Chupa ziwe za kusindikia, zenye vifuniko vya vipande viwili: kisahani chenye mpira pembeni, na pete ya kukazia. Ujazo usizidi mililita 470, kwa sababu chupa kubwa huhitaji muda mrefu zaidi ili joto lifike katikati. Chupa zilizoisha jemu au mayonizi ziache zihifadhie sukari na viungo. Ndani ya presha hupasuka au hukataa kuziba. Pete hutumika tena na tena, lakini kisahani kiwe kipya kila mara.

Samaki mwenyewe

Presha haimfufui samaki aliyechoka. Mashua hurudi alfajiri na samaki waliovuliwa kwa nyakati tofauti za usiku, kwa hiyo muulize mvuvi, bila kuona haya, wale wa mwisho ni wepi. Jicho liwe angavu na limetuna, mashavu yawe mekundu, nyama irudi ukiibonyeza. Nenda mwaloni na barafu yako, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Kipimo kizuri ni kumtoa matumbo ndani ya saa mbili tangu avuliwe. Mnunuzi hawezi kulisimamia hilo akiwa nchi kavu, ila kikundi kinaweza kupatana na mvuvi atoke na barafu na kisu, na kimlipe kidogo zaidi. Fedha hiyo haipotei.

Nyumbani paa magamba, kata kichwa, mkia na mapezi, kisha osha kwa maji safi mpaka damu yote iliyoshikamana na uti wa mgongo itoke. Damu ndiyo huleta weusi na harufu kali ndani ya chupa. Mkate vipande vya sentimita 9 hivi vinavyoingia chupani vikiwa wima. Ngozi na miiba viache. Dagaa usiwahangaikie kwa njia hii, jua linawatosha.

Panga vipande ngozi ikigusa kioo, ukiacha nafasi ya sentimita mbili na nusu juu. Ukipenda tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Usitie maji, samaki atatoa mchuzi wake. Usitie nyanya, vitunguu, unga wala karanga, kwa sababu muda tunaoutumia ulipimwa kwa samaki mtupu, na uzito wa mchuzi hubadilisha mwendo wa joto ndani ya chupa. Najua mgebuka bila mawese kwa mtu wa Kigoma haujakamilika, lakini mawese utayatia siku ya kupika. Mafuta kwenye mdomo wa chupa huzuia mfuniko kushika, kwa hiyo futa mdomo kwa kitambaa safi chenye siki kidogo, weka kisahani, kaza pete kwa ncha za vidole tu. Ukiikaza kwa nguvu zote hewa ya ndani haitapata pa kutokea.

Dakika 100, bila kupunguza hata moja

Weka kichanja cha bati chini ya sufuria, maji ya kina cha sentimita 5 hadi 8, kisha panga chupa. Funga mfuniko lakini usiweke jiwe bado. Acha mvuke utoke kwa nguvu dakika 10 kamili. Ukiruka hatua hii hewa hubaki ndani, na hewa iliyochanganyika na mvuke hudanganya: presha husomeka sawasawa huku joto likiwa pungufu. Baada ya hapo weka jiwe.

Kigoma mjini na Tabora mjini, na popote palipo juu ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, jiwe liwe la presha ya paundi 15. Vitabu vingi vya ng'ambo hutaja paundi 10, nacho ni kipimo cha jiwe kwa watu wa pwani. Kama yako ni ya mshale, iwe paundi 12 kati ya mita 610 na 1,220, na paundi 13 kupita hapo mpaka mita 1,830. Wakazi wa miinuko ya mkoani waulize urefu wa mahali pao kabla ya kuwasha moto.

Hesabu huanza presha ikishafika, wala si ulipowasha jiko. Dakika 100. Na hapa ndipo wengi wataponzwa na mkaa. Mkaa huwaka vizuri dakika arobaini, kisha hufifia. Unaongeza, moto unalala kwanza, presha inashuka. Presha ikishuka chini ya kipimo hata kwa muda mfupi, irudishe, halafu anza kuhesabu upya kutoka sifuri. Inauma ukiwa dakika ya 80, lakini hakuna njia ya mkato. Mtungi wa gesi ni bora zaidi kwa kazi hii kwa sababu moto wake unadhibitika. Hakikisha tu una gesi ya saa tatu, na mtu wa kukaa karibu muda wote. Kwa gharama hiyo ya nishati, yule anayetaka kuuza samaki wengi kwa bei ya chini bado atapata faida zaidi kwenye moshi.

Muda ukitimia zima moto na usiguse kitu. Usimwagie sufuria maji, usiinue jiwe. Presha ishuke yenyewe hadi sifuri, subiri dakika 10 nyingine, kisha fungua ukiukinga uso. Simamisha chupa juu ya kitambaa kikavu, zikiwa zimeachana, mbali na upepo, kwa saa 12 hadi 24.

Kutunza na kula

Chupa zikishapoa bonyeza katikati ya kila kisahani. Kilichoziba kimezama na hakichezi. Kinachobonyea na kurudi hakijaziba, hivyo chupa hiyo iingie kwenye friji na iliwe ndani ya siku tatu. Zilizoziba zitoe pete, zioshe kwa sabuni, maana mafuta ya samaki huita sisimizi, andika tarehe, weka mahali pakavu penye giza na ubaridi. Zitumie ndani ya mwaka mmoja.

Mfuniko uliovimba, chupa inayovuja, au inayorusha povu ukifungua: usionje hata kwa ncha ya ulimi, na usimpe paka wala kuku. Ifukie mbali na mifugo na unawe mikono. Nyingine zote, hata zenye sura nzuri kabisa, mimina kwenye sufuria uchemshe kwa dakika 15 ukikoroga kabla mtu yeyote hajaonja. Sumu yenyewe, tofauti na spora, huharibika kwa kuchemshwa hivyo. Hapa ndipo mawese, nyanya na pilipili vinapoingia, kwa hiyo hupotezi chochote, mchuzi unaiva palepale. Usichukulie kuchemsha huku kama mbadala wa presha.

Dalili za sumu hii mara nyingi huanza kati ya saa 12 na 36 baada ya kula: kuona vitu viwiliviwili, kope kulegea, ulimi kuwa mzito, kushindwa kumeza, kisha mwili kulegea kuanzia juu kwenda chini. Mgonjwa apelekwe hospitali wakati huohuo, na daktari aambiwe alikula samaki wa chupa.

Anayepata jodari

Baadhi ya wasomaji wako pwani, au huletewa jodari aliyegandishwa. Muda ni uleule, dakika 100, kwa chupa ya ukubwa uleule au nusu yake, na presha ya mahali ulipo. Tofauti ni kwamba jodari hutolewa ngozi, miiba na ile nyama nyeusi yenye ladha kali, na unaweza kuongeza maji au mafuta kidogo ukiacha nafasi ileile juu. Aliyegandishwa ayeyukie kwenye friji. Jodari akikaa kwenye joto hutengeneza histamini, ambayo huleta wekundu usoni, kichwa kugonga na mwili kuwasha, na haiharibiwi na presha wala kuchemsha. Ukikuta vipunje kama vioo ndani ya chupa usishtuke, ni chumvi za asili za samaki na huyeyuka ukipasha moto.

Haya yote ni kwa meza ya nyumbani. Kikundi kinachotaka kuuza chupa zake kianzie kwa afisa uvuvi wa kata, kisha kifuate taratibu za TBS, Shirika la Viwango Tanzania, za kusajili jengo na bidhaa kabla chupa ya kwanza haijapandishwa treni kwenda Tabora.