SOMO: Kuchagua na kufunga tyubu nyepesi za baiskeli ya milimani

Tyubu ya kawaida ya butili, ule mpira mweusi wa kiwandani, kwa gurudumu la inchi 29 huwa na gramu 180 hadi 230. Ya butili iliyo nyepesi huwa na 120 hadi 150, na za lateksi, yaani mpira wa asili, ziko karibu na hapo. Za TPU, yaani plastiki inayonyumbuka, hushuka hadi 85, na zile nyembamba kabisa hufika 45 hivi. Gramu zilizopungua zimekatwa kwenye ukuta wa tyubu: butili ya kawaida ina ukuta wa karibu milimita 0.9, nyepesi karibu 0.6.

Wengi huogopa miiba. Lakini mwiba uliokwisha kupenya tairi zima hauzuiwi na theluthi moja ya milimita ya mpira. Kazi ya kuzuia miiba ni ya tairi. Ukuta mwembamba huumia kwa mambo mengine: kubanwa kati ya ringi na jiwe, kusuguliwa na kitu kilichobaki ndani, kuvutwa kupita saizi yake, na kufungwa vibaya. Yote manne yako mikononi mwako.

HATUA YA 1: Soma ubavu wa tairi

Tafuta namba kama 57-622. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita (57 ni kama inchi 2.25), ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi. Kwa magurudumu ya inchi 26 ni 559, kwa 27.5 ni 584, kwa 29 ni 622.

Boksi la tyubu nalo huandikwa masafa ya upana kwa inchi, mfano 29 x 1.9–2.4. Tairi lako liangukie katikati ya masafa hayo au chini kidogo ya katikati. Ukiweka tyubu inayoishia 2.1 ndani ya tairi la 2.4, ule ukuta wa 0.6 utavutwa uwe mwembamba zaidi, na kiraka chochote utakachobandika kitakaa kwenye mpira uliotanuka. Kubwa mno nayo hujikunja ndani, na mkunjo huo ndipo itakapochanika.

HATUA YA 2: Chagua malighafi

Butili nyepesi ndiyo isiyo na masharti. Hutunza upepo vizuri, huzibwa kwa kiraka na solusheni ya kawaida, na unaokoa kama gramu 60 hadi 80 kwa kila gurudumu. Kama hujui uanzie wapi, anza hapa.

Lateksi hunyumbuka sana, kwa hiyo huvumilia kubanwa kuliko butili nyepesi, na tairi hubingirika kwa ulaini. Gharama yake ni upepo: hupungua kwa siku moja kiasi cha kuhisi kwa mkono, hivyo utajaza kila kabla ya safari. Iweke mbali na mafuta na jua.

TPU ni nyepesi kuliko zote na ikikunjwa hutosha kiganjani. Tofauti na mpira, haivutiki kisha ikarudi. Ukiijaza nje ya tairi hadi ivimbe, itabaki imevimba na haitakaa tena vizuri ndani. Pia baadhi yake haziruhusiwi kwenye breki za ringi kwa sababu ya joto. Soma boksi kabla ya kulipa.

HATUA YA 3: Vali

Tundu la ringi la milimita 6 ni la vali nyembamba ya Presta; la milimita 8 ni la Schrader, ile kama ya gari. Usitoboe ringi ya 6 ili Schrader ipite. Presta kwenye tundu la 8 inafaa, ila weka kipete cha kujazia nafasi, la sivyo shina la vali litacheza na tyubu itachanika pale shina linapoungana nayo. Urefu wa milimita 40 hutosha kwa ringi nyingi za milimani, maana si za kina kirefu.

Ukitaka kutia dawa ya kuziba matundu, hakikisha kiini cha vali kinafunguka: utaona pande mbili bapa za kushikia spana juu ya shina. Baadhi ya tyubu nyepesi hazina.

HATUA YA 4: Kagua ringi na tairi

Hapa ndipo watu huruka, na hapa ndipo tyubu nyepesi hufa. Utepe wa ringi ufunike kila tundu la spoku, pembeni kwa pembeni, usiwe umesogea. Bonyeza kwa kidole juu ya kila tundu: ukihisi ukali au utepe unazama, badilisha. Kisha pitisha kitambaa ndani ya tairi lote, mzunguko mzima. Kitambaa kikinasa, kuna mwiba au waya. Utoe kwa koleo ukisukuma kutoka ndani. Kidole kitupu kitaupata pia, ila kwa maumivu.

HATUA YA 5: Funga

1. Weka upande mmoja wa tairi kwenye ringi, jina la tairi likiwa mbele ya vali. Hilo si urembo. Siku ya pancha utalinganisha tundu la tyubu na sehemu ileile ya tairi.

2. Jaza tyubu pumzi kidogo tu, iwe na umbo la duara. Kwa TPU, acha mara mikunjo inapoisha.

3. Ingiza vali, kisha laza tyubu ndani bila kuisokota.

4. Rudisha upande wa pili ukianzia mkabala na vali na kumalizia kwenye vali, kwa mikono. Vile vijiti vya plastiki vya kubandulia tairi ndivyo hutoboa tyubu mpya. Tairi likikaza, sukuma ukingo ulioingia tayari ukae katikati ya ringi, penye kina. Utapata nafasi ya sentimita moja au mbili.

5. Sukuma vali juu kuelekea tairi, kisha ivute chini. Zungusha gurudumu ukifunua ukingo pande zote mbili; tyubu isionekane popote.

6. Jaza hadi bar 1 (bar ni kipimo cha shinikizo la upepo), uangalie mstari wa ubavuni uko umbali sawa na ringi mzunguko mzima, ndipo uendelee. Nati ya vali kaza kwa vidole tu.

HATUA YA 6: Upepo

Mpanda baiskeli wa kilo 75 mwenye tairi la 2.25 aanzie bar 1.9 mbele na 2.1 nyuma, yaani psi 28 na 30 hivi, kisha arekebishe kwa 0.1. Tumia geji, kidole gumba hakipimi tofauti hizi.

Pancha ikitokea, soma tundu kabla ya kuziba. Matundu mawili sambamba: umebanwa na ringi, ongeza bar 0.2. Tundu moja upande wa tairi: mwiba. Tundu upande wa ringi: rudi hatua ya 4.

MASWALI YA WANACHAMA

Wakuu, tyubu ya 26 naweza kuiweka kwenye 29?
Butili ya kawaida, kwa dharura ya kufika nyumbani, ndiyo. Mzunguko wa ringi unazidi kwa karibu sentimita 20, kwa hiyo butili nyepesi itakuwa hatarini. TPU usijaribu.

Kiraka cha kawaida kinashika kwenye TPU?
Hapana mkuu. Solusheni ya mpira haiungani na plastiki hiyo. Tumia viraka vyake, safisha kwa spiriti, acha ikauke, bandika tyubu ikiwa haina upepo kabisa.

Nina bajeti ya tyubu moja nyepesi. Mbele au nyuma?
Mbele. Nyuma hubeba uzito zaidi na ndiko kunakobanwa.

Nimejaza kwa katriji ya kaboni dayoksaidi, asubuhi tairi limelala. Ni pancha?
Huenda siyo. Gesi hiyo hupenya butili haraka kuliko hewa, na lateksi haraka zaidi. Jaza upya kwa pampu ndipo uangalie.

Si afadhali nitoe tyubu kabisa niweke dawa ndani ya tairi?
Kwa miiba mingi na upepo mdogo, ndiyo. Kwa uzito, piga hesabu: mililita 100 za dawa ni karibu gramu 100, ongeza vali na utepe. Tyubu ya TPU ya gramu 85 inashinda hapo.

Nabeba ya akiba kwenye mfuko wa chini ya kiti pamoja na spana. Kuna shida?
Kubwa. Mtikisiko husugua ukuta mwembamba, na siku unayoihitaji imeshatoboka. Ifunge kwenye soksi au kitambaa, ikiwa na kofia ya vali.